Dolma ni ya nani?

Haya, leo siasa naziweka pembeni. Najua wapo watakaoguna: mwandishi wa habari mzima, mwanaume, anaandika mambo ya jikoni? Guneni tu. Ila msikimbie, kwa sababu siasa zenyewe nimezikuta humo humo ndani ya sufuria.

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye mkeka sebuleni kwangu hapa Dodoma. Mbele yangu sinia la majani ya mzabibu, bakuli la mchele mbichi uliochanganywa na nyama ya kusaga, na rafiki zangu watatu waliokuja kuangalia mpira wakajikuta wanakunja majani. Mmoja wao akauliza, "Sasa hiki chakula ni cha nani? Cha Waturuki au cha Waarabu?" Nikamjibu kwamba mimi nimefundishwa na Waashuri. Akacheka. "Waashuri wa kwenye Biblia? Wale wa Ninawi aliotumwa Yona? Si walishakwisha zamani?"

Hawajakwisha, ndugu yangu. Nimeishi nao mlango kwa mlango.

Nieleze. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kusoma Sweden. Kodi ya chumba Stockholm ilinishinda, nikapata kwa nafuu Södertälje, mji wa kiwanda cha malori cha Scania, safari ya treni isiyofika saa moja kutoka Stockholm. Nilitegemea jengo zima liwe la Waswidi. Kumbe ngazini nilikuwa napishana na Waashuri asubuhi na jioni. Kundi lao la kwanza lilipokelewa Sweden mwaka 1967 likitokea Lebanon, watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Wakafuata wengine kutoka Uturuki na Syria, na baada ya vita ya 2003 wakaja wa Iraki. Mwaka 2008 meya wa mji huo, Anders Lago, alikwenda Washington kuwaeleza wabunge wa Marekani kwamba mji wake peke yake umepokea wakimbizi wa Iraki wengi kuliko Marekani na Kanada kwa pamoja. Kwa wapenzi wa soka, timu yao inaitwa Assyriska, na mwaka 2005 ilicheza ligi kuu ya Sweden.

Kwa wasiowajua: Waashuri ni Wakristo ambao asili yao ni kaskazini mwa Iraki na maeneo yanayopakana nayo ya Uturuki, Syria na Iran. Lugha yao ni Kiaramu cha leo, ndugu wa Kiaramu alichozungumza Yesu. Wengine miongoni mwao wanapendelea kuitwa Wakaldayo au Wasiriani, na ubishi wa jina hilo haujaisha mpaka kesho. Wasichobishania ni kwamba hawana nchi. Dola yao ya kale ilianguka Ninawi ilipotekwa mwaka 612 KK. Mwaka 1915 waliuawa kwa wingi katika himaya ya Waturuki wa Osmani. Mwaka 1933 wakauawa Simele, kaskazini mwa Iraki. Mwaka 2014 wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliwakimbiza kwenye vijiji vyao vya uwanda wa Ninawi.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo kutoka Bakhdida, mji ulio karibu na Mosul, ambao kwenye ramani nyingi unaandikwa Qaraqosh. Alikuwa akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Mimi nilimwita Mama. Sweden kila mtu anaitwa kwa jina lake, hata mwalimu, lakini ulimi wangu ulikataa kumwita mtu wa umri wa mama yangu kwa jina tupu. Alipoelewa kwa nini namwita hivyo, naye akaanza kuniita broni, yaani mwanangu. Tulizungumza Kiswidi kibovu, cha kwake na cha kwangu.

Siku moja ya mwezi Juni nikamkuta ngazini na mifuko miwili ya majani mabichi aliyoyachuma kwenye bustani ya ndugu yake. Nikayatambua mara moja. Nikamwambia kwa majivuno kwamba mimi natoka Dodoma, kwetu mizabibu imejaa tele. Akauliza, "Na majani yake mnayafanyaje?" Nikasema, "Tunawaachia mbuzi."

Jamani, alinitazama kama mtu aliyesikia kwamba kwetu dhahabu tunaezekea mabanda ya kuku. "Mbuzi?" akarudia. "Mbuzi?" Siku hiyo hiyo nikaingizwa jikoni kwake.

Sasa sikilizeni jinsi inavyofanyika, maana wengi mtataka kujaribu.

Jani linalofaa ni lile changa lakini lililokwisha kufunguka, ukubwa wa kiganja, la tatu au la nne ukihesabu kutoka kwenye ncha ya tawi. La chini zaidi limekomaa, utalitafuna mpaka taya zikuume. Unakata kikonyo, unayatumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili mpaka rangi ibadilike, unayatoa na kuyachuja. Kama ni ya chupa, yaliyohifadhiwa kwenye maji ya chumvi, huchemshi. Unayaosha na kuyaloweka ili chumvi ipungue.

Vya kujaza: mchele vikombe viwili uliolowekwa nusu saa, nyama ya kusaga nusu kilo, vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo sana, nyanya, kijiko kikubwa cha nyanya ya kopo, pilipili manga, chumvi, maji ya ndimu, na fungu kubwa la majani ya kijani: kotimiri na shibiti, lile jani jembamba kama nywele lenye harufu inayokaribia ya shamari. Mchele ni mbichi, nyama ni mbichi, vyote vitaivia ndani ya jani. Hapo unapata dolma kama 70 au 80.

Kukunja ndiko kulikonitoa jasho. Jani unalilaza upande wa mishipa ukiwa juu, upande unaong'aa chini. Unaweka kijiko kimoja cha mchanganyiko karibu na pale kilipokuwa kikonyo, unafunika kwa chini, unaingiza mbavu mbili za jani ndani, kisha unasokota kwenda mbele. Usikaze. Mchele ukivimba, jani lililokazwa litapasuka. Usilegeze pia, itafumuka. Ya kwangu ya kwanza ilitoka kama sigara ya mlevi. Mama hakusema neno. Aliichukua, akaifungua, akanirudishia jani.

Chini ya sufuria unapanga mbavu za kondoo, au vipande vya vitunguu na viazi kama mfuko hauruhusu. Juu yake unazipanga dolma kwa kubanana, mkunjo ukiangalia chini, safu baada ya safu. Waashuri wa Iraki huchanganya humo vitunguu, pilipili hoho, bilinganya na majani ya kabichi, vyote vimejazwa. Unamimina maji yenye nyanya na ndimu mpaka yakaribie kufunika, unalaza sahani juu yake ili zisielee, unafunika. Moto mkali mpaka ichemke, halafu moto mdogo karibu saa nzima. Ukiepua, unaiacha itulie, unaweka sinia juu ya mdomo wa sufuria, unataja jina la Mungu na kupindua. Zile mbavu za chini ndizo zinakuja juu.

Wakati wa kukunja mkono unafanya kazi na mdomo uko huru. Ndipo tulipogundua mchezo wetu. Nilimsikia akisema shlama kwenye simu, nikamwambia sisi tunasema salamu. Akataja ktawa, nikataja kitabu. Malakha, malaika. Rukha, roho. Sawma, saumu. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Hakuna uchawi hapo: Kiaramu na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, nasi maneno hayo tuliyapata kwa Waarabu. Lakini kwa mtu ambaye lugha yake UNESCO imeiweka kwenye orodha ya lugha zilizo hatarini, kumsikia kijana mweusi wa Dodoma akimrudishia maneno yanayofanana na ya mama yake haikuwa jambo dogo. Ndipo akanieleza kwamba dolma iko pia ya sawma, isiyo na nyama, ya Kwaresima. Na kwamba wiki tatu kabla ya Kwaresima wao hufunga siku tatu kwa kumbukumbu ya toba ya Ninawi, ile ile ya Yona. Sisi tunaisoma kama hadithi ya watu wa mbali. Wao ni habari za nyumbani.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu na swali lake. Dolma ni ya nani?

Neno lenyewe ni la Kituruki, linatokana na kujaa au kujaza. Waarmenia wanasema tolma na wanadai ni yao tangu enzi. Wagiriki wanasema dolmades. Mwaka 2017, UNESCO iliingiza utamaduni wa kupika na kula dolma pamoja kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu, na nchi iliyopeleka maombi na kuandikwa ni Azerbaijan. Sina ugomvi na Waazeri, wanapika dolma na wana haki ya kujivunia. Hata Waukraine mwaka 2022 waliandikisha supu yao ya borsch, na kila mtu alielewa kwamba mezani palikuwa na zaidi ya supu.

Lakini hebu angalieni utaratibu wenyewe. Anayepeleka maombi ni serikali. Ina wizara, ina balozi, ina watu wa kujaza fomu. Mama wa Bakhdida serikali yake ni ipi? Waashuri wametawanyika Södertälje, Chicago, Sydney na kwingineko, na kila walipo ni wachache ndani ya nchi ya wengine. Hakuna wizara ya Waashuri itakayosimama mahali popote kusema kwamba nasi tunaikunja hivi, kwa shibiti kiasi hiki, na siku za saumu tunaipika vile. Dai lao lote la umiliki liko kwenye sufuria. Siku atakapokosekana mtu wa kukunja, dai limekwisha, na hakuna mahakama ya kukata rufaa.

Ndiyo maana nasema: dolma ni ya anayeikunja na anayemfundisha mwingine kuikunja. Karatasi ni nzuri, sizipingi. Kenya mwaka 2021 ilitambuliwa na UNESCO kwa kazi ya kuhifadhi vyakula vyake vya asili, na ni heshima ambayo sisi majirani tungeiga. Lakini karatasi haijawahi kupika. Chakula kinaweza kuandikwa kwenye orodha zote za dunia na bado kikafa, kama wajukuu wanakijua kwa kukila tu.

Na hilo Mama alikuwa analiona nyumbani kwake. Binti zake wawili, mmoja muuguzi na mwingine anasoma sheria, walikuwa wanaipenda dolma kupita kiasi. Walikuwa wanakuja Jumapili, wanakula, wanabeba nyingine kwenye vyombo vya plastiki, wanaondoka. Kukunja hawakujua. Mkubwa aliwahi kuniambia kwa utani kwamba nimekuwa mtoto mzuri kuliko wao. Nilicheka, lakini nilimwona Mama hakucheka.

Nisije nikajifanya mtakatifu, maana mimi nilifanya vibaya zaidi.

Bibi yangu alikuwa fundi wa mlenda. Wagogo wenzangu mnajua: si mlenda mmoja, ni mingi. Kuna majani ya porini aliyokuwa anayachuma mvua zikianza, mengine akiyala mabichi kwa karanga, mengine akiyakausha na kuyatwanga ili yavushe familia mpaka kiangazi kiishe. Alijua jani lipi linapikwa na magadi na lipi likiwekwa magadi linaharibika. Alijua lipi linaota kwenye kichuguu na lipi kwenye shamba lililopumzishwa. Aliniita twende naye zaidi ya mara moja. Nilikuwa kijana wa sekondari, nina kitabu mkononi, na nilikuwa nimeshajua kwamba mlenda ni chakula cha kijijini. Nikamwambia nina mtihani.

Amekwisha kufariki. Ladha ninayo kichwani, majani yenyewe nikipita porini leo siyajui hata moja. Nimesoma mpaka Ulaya, nikajifunza kutambua jani la tatu kutoka kwenye ncha ya mzabibu wa Mwashuri, na jani la bibi yangu silijui. Kwa hiyo nikisema wale mabinti wa Södertälje wanapoteza kitu, nasema nikiwa nimeshapoteza.

Najua mtakalonijibu, hasa dada zangu. Mtasema: rahisi kwako kusifia, mwanaume, ila saa zote hizo za kukunja zimekuwa za nani tangu zamani? Za wanawake. Mabinti wale wamekimbia jiko kwa sababu wanataka kusoma sheria, na wana haki. Nakubali kabisa. Mama mwenyewe alikuwa anatoka zamu ya jioni akiwa hoi, kisha anaanza kukunja saa nne usiku, peke yake, ili Jumapili watu wale. Hilo si la kuimbiwa sifa.

Lakini dawa yake si kuiacha dolma ife. Dawa ni kuongeza mikono. Nimepima: dolma 80 nikizikunja peke yangu zinanichukua karibu saa mbili. Jumapili tulikuwa wanne, mpira haujafika mapumziko tukawa tumemaliza. Chakula hiki kina hesabu ya watu wengi ndani yake, kilitungwa na watu waliokaa pamoja. Ukimwachia mtu mmoja kinageuka adhabu. Basi wanaume nasi tukae tukunje. Mikono tunayo, na sijaona iliyokatika kwa kushika jani.

Mwingine atasema: ya kopo ipo madukani, kwa nini tuhangaike? Nimeila, inashibisha. Ila ya kopo haikuambii chochote. Haikuulizi umekula nini leo, haikufundishi neno la sawma, wala haikufungulii dolma uliyoikunja vibaya ili urudie.

Kwa wa hapa kwetu, neno moja la tahadhari. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka na baada ya kukatiwa matawi inachipua upya, kwa hiyo majani machanga hayakosekani. Lakini mashamba mengi hupuliziwa dawa ya ukungu. Mimi nachukua kwa mzee mmoja ambaye ana mizabibu michache uani kwake na hapulizii kitu. Uliza kabla ya kuchuma. Shibiti nimeitafuta sokoni sikuipata, nikaongeza kotimiri. Nilimpigia Mama kumwuliza kama nimeharibu. Akasema bibi yake naye alikuwa anaweka kilichopo.

Kisha akaniambia habari nyingine. Nyumba yao ya Bakhdida ilikuwa na mzabibu uani. Mwaka 2014 ndugu zake walikimbia usiku wakauacha. Mji ulikombolewa mwaka 2016, na dada yake akarudi. Mzabibu ulikuwepo, umeota ovyo mpaka juu ya ukuta. Majani tele, na mtaani waliorudi ni wachache. Dada yake akachuma, akakunja peke yake, akapeleka kwa majirani waliokuwepo.

Na mabinti? Yule muuguzi amejifungua mwaka huu. Mama anasema juzi alikuja na mtoto mgongoni, akavuta kiti, akaomba afundishwe. Ya kwanza ilitoka kama sigara ya mlevi. Mama akaifungua, akamrudishia jani.

Kwa hiyo, mwenzangu unayesoma hapa mjini: nyumbani kwenu kuna mtu mmoja anayejua kupika kitu ambacho wewe unajua kukila tu. Unamfahamu ni nani. Hana wizara nyuma yake. Usimwambie una mtihani.

Haya, kwenye friji yamebaki majani kama arobaini. Karibuni Jumapili. Ila kwangu hakuna kula bila kukunja.